Deni ni langu, lakini namba ya baba mkwe wameitoa wapi?

Swali nimelifupisha kidogo, ila maneno ni ya mwenyewe:

"Habari wakili. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba Memorial. Nilikwama ada nikakopa kwenye aplikesheni moja ya simu, niliomba laki na nusu wakaniingizia laki na elfu kumi na mbili, nirudishe laki na themanini ndani ya siku kumi na nne. Nikachelewa siku tano tu. Wakaanza kuwapigia watu, mwenyekiti wetu wa kikoba, mwalimu wa mtoto, mpaka baba mkwe kule Machame ambaye sikumuandika popote. Wakatengeneza picha yangu na kitambulisho changu cha NIDA wakaandika TAPELI, wakawatumia watu, na mmoja akairusha kwenye grupu la wazazi. Nimeshalipa yote lakini bado wanapiga. Nasikia kuna sheria ya taarifa binafsi, inafanya kazi kweli au ni ya kwenye makaratasi? Si nilibonyeza Ruhusu mwenyewe? Nikishtaki nitalipwa? Au nibadilishe tu laini yaishe?"

Dada yangu pole sana, na nikwambie tu mapema kwamba we si wa kwanza, hapa ofisini kwangu Arusha hii mikopo kausha damu ya kwenye simu imeanza kunijazia mafaili kuliko viwanja, na mtu wa Arusha akiacha kugombania kiwanja ujue kuna jambo. Nitakujibu ila sio kwa mpangilio uliouliza, maana hilo la "nilibonyeza mwenyewe" ndo linalowafunga midomo watu wengi na hao jamaa wanalijua vizuri sana, ukiwapigia kulalamika jibu la kwanza ni hilo hilo, ulikubali vigezo na masharti.

Sasa tuiangalie hiyo Ruhusu. We siku ile ulikuwa na mtoto karudishwa ada, kidole kinakimbia, kioo kinakuuliza kontakti unasema ruhusu, picha ruhusu, meseji ruhusu, mahali ulipo ruhusu, ukigoma moja mkopo hauendelei. Kisheria ridhaa ni kitu unachokitoa ukijua unakitoa kwa ajili ya nini, na sheria inamtaka anayekusanya taarifa akueleze kusudi lake kabla hajazichukua, alafu akishazichukua azitumie kwa kusudi hilo hilo. Hata tukiwapa faida ya shaka tuseme walikwambia tunasoma kontakti ili tupime kama unakopesheka (kitu ambacho mimi binafsi sikielewi, kuwa na namba ya shangazi kunapimaje uwezo wa kulipa?), basi hiyo ni ruhusa ya kupima, haijawa ruhusa ya kumpigia shangazi. Kusudi lilibadilika njiani na wewe hukuulizwa tena. Na kuna kitu kingine watu hawakijui, taarifa za miamala ya fedha ya mtu, sheria yetu imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na mambo ya afya, alama za vidole, taarifa za watoto na kadhalika, na za kundi hilo zinahitaji ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa muda wowote bila kutoa sababu na bila kulipia chochote. Kwa hiyo usikubali tena kuambiwa ulibonyeza. Ulibonyeza, sawa, lakini hukubonyeza hicho walichokifanya.

Alafu tuje kwa mzee wa Machame, maana hapo ndo penye utamu wa kesi yako na wewe umepapita haraka kama aibu tu ya kifamilia.

Baba mkwe hajakopa. Hana hiyo aplikesheni, na kwa jinsi ulivyoniandikia sidhani hata kama ana simu ya kuiweka. Jina lake na namba yake ni taarifa zake yeye, sio zako, wewe umezihifadhi tu kwenye simu yako ili umjulie hali. Kwa hiyo hata kama ungeandika na kusaini kwa wino mwekundu kwamba chukueni kontakti zangu zote, usingeweza kutoa ridhaa kwa niaba yake. Deni ni lako, namba ni yake. Maana yake ni kwamba mzee anaweza kulalamika mwenyewe kama mhusika wa taarifa, na mwalimu anaweza, na mwenyekiti wa kikoba anaweza, na malalamiko ya hao watu watatu ni masafi kuliko ya kwako kwa sababu hakuna wa kuwaambia "si ulikopa". Mimi ningekuwa ndo nashika hili faili ningeanza na la mzee, la kwako lifuate nyuma.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla ya hapo tulikuwa tunaning'inia kwenye ibara ya 16 ya Katiba inayosema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya faragha yake, maneno mazuri lakini ukienda nayo kwa mkopeshaji anakuangalia tu. Hii sheria ndo ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume ikazinduliwa rasmi na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Kwa hiyo unavyoona ni chombo kichanga bado.

Inafanya kazi au ni makaratasi? Nitakujibu kiungwana: inafanya kazi kwa anayeisukuma. Kwenye maandishi ina meno kabisa, mtu akitoa taarifa binafsi za mwenzake kinyume cha sheria ni faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10 au vyote pamoja, ikiwa ni kampuni ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5, na Tume yenyewe bila kwenda mahakamani inaweza kutoza faini inayofika milioni 100. Ukisoma hapo unaweza kuruka kwa furaha, ila we mfanyabiashara angalia ile namba ya chini. Laki moja. Laki moja hata belo la mitumba huipati. Kati ya laki na milioni 20 kuna uwanja mpana sana na utaangukia wapi inategemea ulivyojipanga na ushahidi wako. Halafu muda mwingi tangu ianze, nguvu imeenda kwenye elimu na kusajili taasisi, tarehe za mwisho za kujisajili zimewekwa zikasogezwa zaidi ya mara moja, na mimi sisemi ni vibaya, si uungwana kumpiga mtu faini kwa sheria ambayo hajawahi kuisikia, ila ni lazima ujue hilo ili usidhani ukibonyeza kitufe cha malalamiko leo basi kesho kuna defenda nje ya ofisi yao.

Wenzetu ukivuka Namanga wametutangulia, sheria yao ni ya 2019, na Septemba 2023 ile ofisi ya kamishna wao ilitangaza faini tatu kwa mpigo ambazo mimi huwa nazitumia kwenye semina. Kampuni moja ya mikopo ya kidijitali, Mulla Pride, shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwatumia wadaiwa vitisho, yaani kesi yako wewe kabisa. Shule moja, 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila wazazi kuridhia. Na sehemu moja ya starehe Nairobi, 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kunywa zake. Huyo wa starehe ndo huwa anawachekesha watu semina mpaka nikiwauliza ni wangapi hapa wamepigwa picha saluni wakajikuta kwenye tangazo, mikono inakuwa mingi kicheko kinaisha.

Na hapa Arusha kuna kichekesho kingine, kampuni za utalii zinaiogopa zaidi sheria ya Ulaya kuliko ya kwetu. Wanapokea kopi za pasipoti za Wajerumani na Wafaransa kila siku, wameshasikia kwamba ile ya Ulaya iliyoanza Mei 2018 faini yake inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, basi faili la pasipoti ya mgeni linafungwa na kufuli. Kitambulisho cha dereva wao Mtanzania kimebandikwa ukutani kinapigwa na jua.

Nikuibie siri moja kuhusu kwa nini mimi hili jambo linanikera. Siku moja nilikuwa stendi ya hapo kwenu Moshi nasubiri gari, nikanunua karanga za jero kwa kijana mmoja, zile za kufungwa kwenye kikaratasi kama koni. Nimekula nimefika katikati nikaona kuna mwandiko wa kalamu, nikazimwaga mkononi nikafungua karatasi. Ilikuwa fomu ya mkopo. Jina kamili la mama mmoja, namba ya simu, namba ya NIDA, mshahara kwa mwezi, jina la mdhamini, na sahihi mbili. Na ujue ile namba ya NIDA tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo kwa karanga za jero nilikuwa najua mama wa watu ana miaka mingapi, anapata kiasi gani na nani anamdhamini. Kijana nikamuuliza karatasi mnatoa wapi, akasema tunanunua kwa kilo. Hakuna mdukuzi hapo wala seva ya nje ya nchi, kuna mtu tu alisafisha kabati la ofisi. Watu wanadhani hii sheria ni ya kompyuta, hapana, ni ya taarifa binafsi ya namna yoyote iliyorekodiwa, liwe faili, fomu, daftari la getini lenye kalamu iliyofungwa na uzi, au kaunta buku la wakala, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda mpaka anapoziharibu.

Haya, sasa kazi. Kitu cha kwanza usifute ile aplikesheni leo. Watu wote wanaikimbilia kuifuta na mimi nawaelewa, ila ukiifuta unafuta jina la kampuni, masharti yao, namba ya mkataba, vyote. Ingia kwanza piga skrinshoti ukurasa wa mkopo wako, ukurasa wa masharti, ukurasa wa sera ya faragha kama upo, na sehemu wanapojitambulisha jina la kampuni. Kisha nenda kwenye mipangilio ya simu, programu, itafute, fungua sehemu ya ruhusa, piga skrinshoti ya ruhusa ulizowapa, ndo uzizime zote. Baada ya hapo futa kwa amani. Ila ujue kufuta hakurudishi walichokwisha chukua, kile kiko kwao.

Angalia pia uliipata wapi. Kama uliichukua Play Store ni jambo moja, kwa sababu tangu tarehe 31 Mei 2023 Google iliweka masharti kwamba aplikesheni za mikopo binafsi haziruhusiwi kabisa kusoma kontakti wala picha za mtumiaji, kwa hiyo unaweza kuwaripoti hapo hapo kwenye duka. Kama ulitumiwa linki WhatsApp ukaambiwa pakua hapa, hapo ndo tunajua tunashughulika na watu wa aina gani.

Ushahidi wa simu zilizopigwa, andika kwenye daftari, tarehe, saa, namba iliyopiga, aliyepigiwa na alichoambiwa. Wale waliopigiwa na kutumiwa meseji waombe skrinshoti yenye kuonyesha namba na tarehe, sio kukufowadia maneno tu maana maneno yakifowadiwa yanapoteza mwenyewe. Ile picha ya TAPELI kwenye grupu la wazazi ipige skrinshoti ikionekana jina la grupu na aliyeituma, ukimaliza ndo umuombe admini aifute. Huyo mzazi aliyeirusha sikushauri uanze naye vita, mwambie kistaarabu tu kwamba kusambaza kitambulisho cha mtu na kumwita tapeli kunaweza kumpeleka kwenye kesi ya kashfa au Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wengi wakisikia hivyo wanafuta na kuomba radhi jioni ile ile. Na tunza meseji za muamala wa malipo, zile za "umelipa kikamilifu", maana bila hizo watakwambia bado unadaiwa na mjadala wote unageuka kuwa wa deni.

Kitu cha pili, barua. Najua unaona barua ni mambo ya kizamani lakini hii ndo inayotenganisha mtu anayelalamika na mtu mwenye malalamiko. Nilishafanyiwa mimi mwenyewe, niliandika jina na namba kwenye daftari la getini la jengo fulani hapa mjini, wiki haikuisha nikaanza kupokea meseji za viwanja, mara Usa River mara Kisongo, mpaka usiku. Nikapiga simu mara tatu nikajibiwa "sawa mkuu tutakutoa", sikutolewa. Nikaandika barua pepe ya mistari minne nikitaja sheria na haki yangu ya kukataa taarifa zangu kutumika kwa matangazo ya biashara, siku ya pili wakanipigia kuomba radhi. Kweli waliniuliza kama bado nahitaji kiwanja, ila meseji ziliisha.

Yako iwe fupi, kwa barua pepe yao au hata WhatsApp yao kama ndo njia pekee, namna hii:

"Mimi (jina), mteja wenu wa mkopo namba (fulani), niliomaliza kulipa tarehe (fulani). Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 naomba mnijulishe kwa maandishi: ni taarifa gani zangu mnazo, mmezitoa wapi, mmempa nani, na kwa kusudi gani mliwasiliana na watu walioko kwenye simu yangu. Naondoa ridhaa yoyote niliyowahi kutoa ya kusoma kontakti, picha na meseji zangu. Nataka mfute namba zote mlizochukua kwenye simu yangu, mfute picha yangu na nakala ya kitambulisho changu mlizosambaza, na muache mara moja kuwapigia watu hao. Nijibiwe ndani ya siku 14."

Hizo siku 14 nimeziweka mimi, ni muda wa kiungwana na unaonekana vizuri kwenye faili. Wakijibu vizuri. Wakikaa kimya vizuri zaidi, ukimya wao nao unaupigia skrinshoti. Wakikujibu kwa matusi, dada yangu, hapo wamekuandikia kesi wenyewe.

Baada ya hapo ndo Tume. Huna haja ya kupanda basi kwenda popote, malalamiko yanapokelewa kwa mtandao kwenye tovuti ya Tume, unajaza maelezo yako, nani kafanya nini lini, umeumia vipi, unataka nini, unaambatanisha ushahidi na ile barua. Mzee na mwalimu kila mmoja na lake kama watakubali, wasichanganywe kwenye la kwako. Sheria inaipa Tume siku 90 kuchunguza na kumaliza, na inaweza kuongeza zisizozidi 90 nyingine, kwa hiyo jiandae kwa nusu mwaka kichwani, zikiwa pungufu ufurahi. Tume inaweza kuwaita, kuwaagiza waache na kurekebisha, kuwapiga faini, na usiporidhika na uamuzi unakata rufaa Mahakama Kuu.

Sambamba na hapo piga hodi Benki Kuu, na huu mlango watu wa Moshi na Arusha wanausahau sana. Hawa wakopeshaji wa mtandaoni wanatakiwa wawe na leseni ya huduma ndogo za fedha daraja la pili, na Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo maalumu kwa wakopeshaji wa kidijitali unaogusa mambo haya haya ya faragha ya mkopaji na namna ya kudai. Novemba mwaka huo huo wakatoa orodha hadharani ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila idhini. Tafuta jina la kwako kwenye hiyo orodha, kisha tafuta kwenye orodha ya wenye leseni. Kama ina leseni una bahati ya aina yake, maana ina mahali pa kubanwa, kampuni yenye leseni inaogopa kuipoteza kuliko inavyoogopa faini.

Kama haina, sikufichi, hapo ndo sheria inapochechemea. Barua unampelekea nani? Ofisi haipo, jina la kampuni ni la kubuni, hela inaingia kupitia mtu wa katikati. Kwa watu wa namna hii polisi, kitengo cha makosa ya mtandao, ndo wanakuwa mlango wa kwanza na Tume inafuata, na silaha yako ni zile namba zilizopiga na ile namba uliyolipia, kwa sababu laini zote nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA, kila namba ina mtu nyuma yake hata kama ni mtu aliyeuza kitambulisho chake kwa elfu tano. Meseji zao za kitapeli unaweza pia kuzituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Usiende polisi na hadithi, nenda na daftari. Afande wa zamu akiona kurasa mbili zenye tarehe na saa anakaa vizuri kwenye kiti.

Utalipwa? Inawezekana, sheria inampa mhusika aliyepata madhara haki ya fidia na Tume ina mamlaka ya kuamuru ulipwe. Ila fidia inataka uonyeshe madhara, na "nimeaibika" peke yake ni neno jepesi kwenye karatasi hata kama moyoni ni zito. Kama kikoba walikusimamisha, omba muhtasari wa hicho kikao. Kama kuna muuzaji wa jumla alikataa kukukopesha belo kwa sababu ya ile picha, mwambie akuandikie mistari miwili. Usisimamishe biashara Memorial kusubiri hiyo hela, ichukulie kama mchezo ambao zamu yako haijulikani itafika lini. Na nikuongezee ambalo hukuuliza, sheria hii haifuti deni la mtu yeyote. Wapo wanaonipigia wakidhani wakilalamika kuhusu kontakti basi mkopo umekufa. Haufi. Wewe umelipa, ndo maana nakwambia una kesi nzuri.

La laini, usibadilishe. Simu zao na meseji zao zinaingia hapo, ukiitupa umetupa ushahidi unaoendelea kujileta wenyewe, na namba ikikaa muda bila kutumika itauzwa kwa mtu mwingine ambaye atapokea meseji zako za kikoba na za benki. Wablok wale ambao umeshawaandika kwenye daftari inatosha. Ila piga *106# uangalie kitambulisho chako kimesajili laini ngapi, maana hao watu wana picha ya NIDA yako, ukikuta laini usiyoijua nenda kwa mtandao husika uikane.

Na Jumapili hii panda Machame ukamuone mzee kabla ya yote niliyoyataja. Kama simu yake ni kitochi, kile kikasha cha meseji kikijaa anafuta za zamani ili mpya ziingie, au mjukuu anamfutia. Fungua ile meseji, hakikisha namba na tarehe vinaonekana kwenye kioo, ipige picha kwa simu yako mara mbili tatu kwenye mwanga mzuri, mwambie asiifute, na umuulize taratibu kama yuko tayari kuweka jina lake kwenye malalamiko. Akisema ngoja nifikirie mwache afikirie, ila picha uwe umeshaipiga.